Mnyonya Damu wa Mji Mdogo: Riwaya ya Kutisha na Hofu za Nyanda za Juu Kusini

Riwaya ya kutisha, yaani riwaya ambayo lengo lake la kwanza ni kumtia msomaji hofu na kumfanya aendelee kufunua kurasa huku akiogopa kitakachofuata, imewekwa kwa muda mrefu katika fungu la fasihi pendwa, lile fungu la maandishi yanayosomwa na wengi kwa burudani, na kwa sababu hiyo uhakiki wa Kiswahili umeipita haraka ukielekea kwenye riwaya za kijamii na za kisiasa. Haraka hiyo ina hasara yake, kwa kuwa mambo ambayo watu huyaogopa kwa pamoja hueleza uhusiano wa jirani na jirani, wa mwenyeji na mgeni, na wa raia na ofisi, kwa uwazi ambao hotuba za mikutano hazifikii. Mhadhara huu unashika tawi moja la riwaya hiyo, lile la mnyonya damu anayeingia katika mji mdogo, na kuuliza tawi hilo lingechipuaje kama mji wenyewe ungekuwa Tukuyu, Mafinga au Makambako. Hoja yake ni kwamba mwandishi wa Nyanda za Juu Kusini hana haja ya kuazima jeneza la Ulaya, kwa sababu anazo hofu mbili za kwake, moja ya mlaji wa ndani na nyingine ya mlaji wa nje; lakini pia anao mzigo ambao Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, hakuubeba, kwa kuwa katika Afrika Mashariki watu wameuawa kweli kwa kudhaniwa kuwa wanyonya damu.

Mfano wa Ulaya unafaa kutazamwa kwanza, kwa kuwa ndio unaojulikana zaidi kupitia filamu. Mnyonya damu wa huko ni maiti iliyokataa kuoza, inayotoka kaburini usiku na kunywa damu ya walio hai, na imani hiyo ilienea Ulaya Magharibi baada ya maofisa wa dola ya Austria kuandika taarifa rasmi kutoka vijiji vya Serbia mwaka 1725 na mwaka 1732, ambako wanakijiji walifukua makaburi na kuichoma miili waliyoishuku. Marekani nayo ilikuwa na vijiji vya namna hiyo: huko Exeter, katika jimbo la Rhode Island, mwaka 1892, mwili wa msichana Mercy Brown aliyekufa kwa kifua kikuu ulifukuliwa, moyo wake ukachomwa juu ya jiwe, na majivu yakachanganywa na maji akapewa kaka yake mgonjwa anywe, naye akafa muda si mrefu baadaye. Miaka mitano baada ya tukio hilo Stoker alichapisha Dracula, ambamo bwana mmoja wa ngome za milimani anaingia Uingereza kupitia Whitby, bandari ndogo ya wavuvi, na mwaka 1975 Stephen King alichapisha riwaya ya 'Salem's Lot, ambamo mnyonya damu anafika katika mji mdogo wa Maine akiwa mshirika wa mfanyabiashara wa samani za kale, na wakazi wanageuka mmoja baada ya mwingine mpaka mji unabaki na nyumba zilizofungwa mapazia mchana kutwa.

Katika mifano hiyo yote mji mdogo unafanya kazi ambayo jiji kubwa haliwezi kuifanya. Jijini mtu akipotea hutafutwa na ndugu zake tu, lakini katika mji mdogo kila anayepotea ana kiti chake kanisani au mahali pake katika safu ya msikiti, ana deni lake dukani, ana mtu anayemsubiri stendi. Kwa hiyo hofu inapanda kwa hesabu ambayo msomaji anaweza kuifuata jina kwa jina. Zaidi ya hapo, riwaya hizo zinasimama juu ya sharti moja ambalo msomaji wa Ulaya na Marekani halitilii shaka, nalo ni kwamba mnyonya damu yupo kweli ndani ya hadithi, na kwamba wale wachache wanaomshuku, daktari, mwalimu, padri na kijana mmoja jasiri, wana haki, huku wanaowapinga wakiwa vipofu. Sharti hilo ndilo linaloleta shida likihamishwa na kuletwa huku, na mhadhara huu utalirudia.

Mandhari yenyewe, yaani mahali na hali ambamo matukio ya hadithi hutendeka, haina upungufu. Miji ya Iringa na Mbeya na midogo iliyo kati yao imekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi yake huwalazimisha watu kujifungia mapema, moshi wa mkaa ukitoka chini ya mapaa ya bati. Mufindi ina mashamba ya chai yanayomezwa na ukungu kabla ya jua kuzama, na karibu na Mafinga kuna msitu wa Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali, ambamo misonobari imepandwa kwa mistari iliyonyooka hivi kwamba mtu akisimama barabarani huona njia ndefu ya giza kila anapogeuza shingo. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita humo, na malori yanayoelekea Tunduma hulala Makambako, madereva wakipanga vyumba vya gesti kwa usiku mmoja bila mtu yeyote kuuliza wanatoka kwa nani. Wakati wa masika, katika vilabu vya ulanzi, yaani pombe inayogemwa kutoka kwenye mianzi michanga inayokatwa ncha asubuhi na jioni, habari za aliyeonekana na gari lililopita usiku huzunguka pamoja na kikombe, na kabla ya jioni kwisha habari hiyo imekwisha kupata namba za gari, rangi, na idadi ya watu waliokuwamo.

Hofu ya kwanza, ile ya mlaji wa ndani, imeandikwa kwa kina kwa Wanyakyusa wa Rungwe kuliko pengine popote nchini, kwa sababu mwanaanthropolojia Monica Wilson, yaani mtaalamu wa maisha na desturi za jamii, aliishi kati yao yeye na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930 na kuchapisha vitabu kadhaa, kikiwamo Good Company cha mwaka 1951. Alieleza kwamba Wanyakyusa wa wakati huo waliamini mchawi ana chatu tumboni mwake, na kwamba chatu hao humsukuma kutoka usiku kwenda kuwatafuna wenzake kwa ndani na kunyonya maziwa ya ng'ombe wa watu, kwa uchu wa nyama na maziwa. Aliyetafunwa hudhoofika bila jeraha, na ng'ombe aliyenyonywa hukauka. Ushahidi ulitafutwa hata baada ya kifo, kwa kuipasua maiti ili kuangalia kama ndani mna dalili. Mnyonya damu wa Stoker ana meno, na alama zake zinaonekana shingoni; huyu hana alama yoyote, hana kaburi la kufukuliwa mchana, na asubuhi anaamka kama kawaida, anasalimia, na anakuja kumpa pole aliyemtafuna usiku.

Jambo lililomvutia zaidi Wilson, na ambalo mwandishi wa riwaya angefanya vyema kulikalia muda mrefu, ni kwamba Wanyakyusa hawakuishi kwa koo bali kwa vijiji vya marika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga pamoja wakawa majirani maisha yao yote. Na Wilson aliona kwamba lawama za uchawi zilielekezwa kwa majirani hao, watu waliokula pamoja, na sababu iliyotajwa ilikuwa choyo cha chakula. Aliyechinja ng'ombe na kula na watu wake tu, aliyekuwa na maziwa na kufunga mlango, alikuwa amejitangaza mwenyewe. Pamoja na wachawi walikuwapo walinzi, abamanga, watu waliosadikiwa kuwaona wachawi ndotoni na kupigana nao usiku, na inasemekana nguvu zao zilitoka kwa chatu wale wale. Hapa pana mhusika ambaye fasihi ya Ulaya imemkaribia mara chache: mlinzi wa kijiji ambaye ana tumboni mwake kile kile anachokiwinda, ambaye majirani wanamtegemea na kumwogopa kwa pumzi moja, na ambaye hakuna kipimo cha kujua ni usiku gani ametoka kulinda na ni usiku gani ametoka kula.

Kuhusu wafu, mambo ni tofauti na Ulaya kwa namna inayohitaji uangalifu. Katika matambiko ya mazishi ya Wanyakyusa yaliyoelezwa na Wilson, marehemu alitengwa kwanza na walio hai, kisha akarudishwa nyumbani akiwa kivuli cha ukoo, na vivuli hivyo viliitwa abasyuka. Kurudi kwa marehemu, kukifanywa kwa utaratibu wake, kulikuwa jambo la heri. Mfu anayetisha katika sehemu nyingi za Tanzania ni yule aliyekatwa njiani, msukule, mtu anayesadikiwa kuwa amezikwa machoni pa ndugu zake huku mwili wake wa kweli umefichwa na mchawi, ulimi umekatwa, akipewa pumba ale na kupelekwa kulima mashamba ya bwana wake usiku. Mfu wa Ulaya hunywa damu ya wengine. Mfu wa huku hunyonywa nguvu zake, na anayeneemeka ni mtu mwenye shamba kubwa kuliko idadi ya mikono inayoonekana mchana. Riwaya ya mji mdogo wa Mbeya inayomleta msukule italazimika kuuliza juu ya kazi, ujira na utajiri wa ghafla, maswali ambayo mfu wa jenezani hayaleti.

Hofu ya pili, ya mlaji wa nje, ina jina linalojulikana pwani na bara, mumiani. Mmisionari Ludwig Krapf aliliingiza katika kamusi yake ya mwaka 1882 akieleza kwamba wenyeji walidhani ni dawa ambayo Wazungu huitengeneza kwa damu ya binadamu, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliitaja kama kitu cheusi mfano wa gundi kinachotumiwa kwa tiba, ambacho watu wengi husema kimetokana na damu. Neno hilo baadaye lilihama kutoka kwenye dawa likamshika mtu anayeitafuta, na bara likapata jirani yake, chinjachinja. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu cha Speaking with Vampires cha mwaka 2000, alikusanya masimulizi ya namna hii kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Rhodesia ya Kaskazini, na kuonyesha jinsi yanavyofanana kwa vifaa vyake: magari, makoti, mipira, ndoo, mashimo, na watumishi wa serikali, hasa wazimamoto, ambao gari lao jekundu lilizunguka mjini hata siku ambazo hapakuwa na nyumba inayoungua. White hakuyakusanya ili kuuliza kama damu ilinyonywa. Aliyachukua kama ushahidi wa jinsi watu walivyozielewa kazi na ofisi mpya zilizowazunguka, na hoja hiyo imebaki kuwa msaada mkubwa kwa mwandishi wa riwaya kuliko kwa mpelelezi.

Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na sababu zake za kuyaelewa mambo hivyo. Ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, uvumi wa banyama, yaani wawindaji wa watu, uliwaka mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuhusishwa na uajiri wa vibarua, na Mbeya na Njombe zilikuwa zenyewe maeneo ya kuchukuliwa watu. Shirika la kuajiri vibarua wa mkonge, SILABU, lililoanzishwa mwaka 1944, liliwachukua Wabena, Wahehe na Wanyakyusa kwenda mashamba ya mbali wakiwa manamba, wafanyakazi wa mkataba waliojulikana kwa namba kabla ya kujulikana kwa jina, huku WENELA, shirika la kuajiri vibarua wa migodi, ikiwapeleka wengine kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini mpaka serikali ya uhuru iliposimamisha uajiri huo. Mtu aliyepimwa na daktari wa kampuni, akapewa namba, akapakiwa, na asirudi au akarudi na kikohozi kisichopona, alikuwa ameliwa kwa maana ambayo hata mwanauchumi angeikubali. Wala habari za sehemu za mwili kuchukuliwa na Wazungu hazikuwa njozi tupu Iringa: Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipojiua mwaka 1898 kichwa chake kilikatwa na kupelekwa kwa Wajerumani, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaamuru katika kifungu cha 246 kwamba fuvu lirudishwe, na ilipita miaka 35 kabla Gavana Edward Twining hajalileta kutoka Bremen mwaka 1954. Liko Kalenga hadi leo, ndani ya sanduku la kioo. Mzee wa Iringa wa miaka ya 1930 aliyesema kwamba Wazungu huondoka na vichwa vya watu alikuwa anataja tukio lenye tarehe.

Baada ya uhuru mlaji wa nje alibadili mavazi. Makao ya kanda ya mpango wa taifa wa damu salama yako Mbeya, kama ilivyo kwa kituo cha utafiti wa tiba cha taasisi ya taifa ambacho kwa miaka mingi kimechunguza virusi vya UKIMWI na kifua kikuu, na kazi zote mbili haziwezekani bila sindano na chupa. Utafiti wa taifa wa 2011–12 ulikuta maambukizi ya virusi hivyo kwa watu wa miaka 15 hadi 49 yakiwa asilimia 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.1. Maana ya takwimu hizo ni kwamba katika mikoa hii damu imekuwa jambo la kila kaya, hutolewa na kupimwa, huandikwa kwenye kadi na kuhukumu ndoa, na mgonjwa alidhoofika polepole machoni pa majirani bila jeraha, kama vile simulizi za kale zilivyosema mtu aliyetafunwa hudhoofika. Wahudumu wa afya wanaofanya kazi hiyo wanastahili heshima kubwa, na ni kwa sababu hiyo hiyo mwandishi hana budi kuwa mwangalifu anapomvika mhusika wake koti jeupe.

Uangalifu huo unadaiwa na matukio. Mwaka 1959, huko Buguruni, Dar es Salaam, ghasia zilizotokana na tuhuma za mumiani zilimwua askari polisi, na mwanahistoria James Brennan amezichambua akionyesha jinsi siasa za mji wa wakati huo zilivyochochea moto huo. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, ambacho pamoja na jina lake kiko mkoani Dodoma, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian cha Arusha, watafiti wawili na dereva, walikuwa katika kazi ya kuchukua sampuli za udongo, yaani kuchota udongo kidogo kidogo kutoka sehemu mbalimbali ili ukapimwe maabara. Habari zikaenea kwamba wanyonya damu wameingia, umati ukakusanyika, watu hao watatu wakauawa, miili yao ikachomwa moto na gari lao likateketezwa. Kwa aliyefundishwa kilimo, mtu anayeingia shambani na chombo cha kutobolea ardhi na mifuko midogo yenye maandishi ni mtumishi anayeleta mavuno. Kwa aliyelelewa katika masimulizi ya mumiani, ni gari geni, watu wasiojulikana, vyombo vya kutoboa, na vifurushi visivyoelezeka.

Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, mwishoni mwa mwaka 2002 ulienea uvumi kwamba serikali inakusanya damu ya watu ili kuibadilisha na msaada wa chakula, katika mwaka wa njaa. Na mwaka 2017, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, umati uliwaua watu kadhaa waliodhaniwa kuwa wanyonya damu, Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake huko. Mbeya yenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipitia kipindi kigumu zaidi kukieleza, cha mauaji ambayo miili ilikutwa imechunwa ngozi, na ambayo mwanaanthropolojia Todd Sanders aliyaandikia mwaka 2001 akiyahusisha na mageuzi ya uchumi na mawazo ya watu juu ya soko ambalo kila kitu kinaweza kuuzwa. Kipindi hicho kinalivuruga jibu jepesi la msomi anayesema kwamba wanyonya damu ni uvumi mtupu, kwa kuwa waliouawa walikuwa watu kweli na wauaji walikuwa watu kweli, hata kama masimulizi ya bei na wanunuzi yalikwenda mbali kuliko ushahidi. Mwandishi anayetaka kuitumia historia hiyo anapaswa kukumbuka kwamba familia za marehemu bado ziko Mbozi, Rungwe na Mbeya mjini, na wanajua kusoma.

Fasihi na filamu za Kiswahili zimekwisha kuligusa eneo hili kwa njia zake. Claude Mung'ong'o alichapisha Mirathi ya Hatari mwaka 1977, ambamo kijana msomi anarithishwa uchawi na baba yake aliye karibu kufa, katika ulimwengu wa Ubena, Njombe ikiwa bado sehemu ya mkoa wa Iringa, na ukweli wa riwaya hiyo unatokana na kwamba mwandishi hamwonei haya mhusika wake wala hamcheki: urithi ni mzito kwa sababu unatoka kwa baba, na kuukataa ni kumkataa mzazi. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimtumia babu aliyekufa kuwahukumu wajukuu walioshika madaraka. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza filamu ya kutisha iitwayo Nsyuka, jina linalotoka katika neno lile lile la Kinyakyusa, abasyuka, linalowataja waliofufuka, ikawa miongoni mwa filamu zilizofungua njia ya utisho katika sinema ya Kitanzania. Hata hivyo riwaya ya mji mzima, ambamo hofu inapita nyumba kwa nyumba mpaka msomaji akaujua mji huo kama anaoishi, bado ni nafasi iliyo wazi, na Nyanda za Juu Kusini ndipo mahali pake kwa sababu hapo hofu zote mbili zimekutana kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu za ofisi.

Hapa ndipo sharti lililotajwa mwanzoni linaporudi. Riwaya ikimthibitisha mnyonya damu kuwa yupo, na kumfanya awe mgeni aliyekuja na gari, itakuwa imempa umati haki, na msomaji atakayeifunga atakuwa amefundishwa kuwashangilia waliowasha moto. Riwaya ikimkanusha kabisa, na kumfanya kila aliyeogopa kuwa mjinga, itakuwa imeandikwa na mtu wa mjini kwa watu wa mjini, na msomaji wa Tukuyu ataitambua kwa dharau yake tangu ukurasa wa kwanza. Njia ngumu iliyo kati ya hizo mbili inahitaji msuko, yaani mpangilio wa matukio, unaoipa hofu ushahidi wa kutosha kuaminika na unaompa kila mshukiwa maisha ya kutosha kulilika. Mgeni lazima awe na tiketi ya basi mfukoni, simu ambayo mkewe anapiga na haipokelewi, na kazi ambayo msomaji ameiona ikifanyika kwa uaminifu kabla kijiji hakijaiona kwa macho mengine. Chatu wa tumboni anaweza kubaki bila kuthibitishwa wala kukanushwa, kwa kuwa jambo ambalo riwaya inaweza kulithibitisha bila woga ni choyo, lile jirani alilolifanya mezani pake, ambalo ndilo lililomtia jina.

Umati nao haupaswi kubaki umati. Katika riwaya ya Marekani wanaogeuka kuwa wanyonya damu wanatajwa mmoja mmoja, mwenye duka, dereva wa basi la shule, mama wa mtoto mchanga, na ustadi huo ungeweza kugeuzwa kwa namna ya kutisha zaidi: wanaogeuka wawe wale wanaokimbilia kwenye yowe wakiwa na panga, kila mmoja akiwa na jina, zamu yake ya kwaya, mkopo wake wa pembejeo na sababu yake ya kuwa na hasira siku hiyo, mpaka msomaji aone kwamba damu iliyomwagika mjini ni ile tu waliyoimwaga wao. Mwandishi anayeufuata mkondo huo angelazimika kuipeleka hadithi yake mahakamani, mahali ambapo riwaya za Ulaya za aina hii hazifiki kwa kuwa zinaishia kwenye kigingi kilichopigwa moyoni. Sheria ya Afrika Mashariki imelifikiri jambo hili kwa muda: katika shauri lililotoka Uganda mwaka 1951, Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki iliamua kwamba imani ya uchawi kwa yenyewe haimpunguzii muuaji kosa, na kwamba hofu peke yake, hata hofu ya kufa papo hapo, si uchokozi mbele ya sheria, lazima kiwepo kitendo halisi kilichomkasirisha ghafla. Sura za mwisho za riwaya hiyo zingekuwa za mashahidi wa mji mdogo wakipanda kizimbani mmoja mmoja, wakiulizwa na wakili wa serikali waliona nini kwa macho yao, na kila mmoja akijibu kwamba yeye hakuona, aliambiwa, na kumtaja aliyemwambia, ambaye ameketi safu ya pili nyuma yake akisubiri kuitwa.